Mzimu wa Karani na Maoni ya Taifa

Kulikuwa na nchi, na nadhani bado ipo, maana nchi za namna ile huwa hazina haraka ya kwenda popote. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Wenyewe walikuwa wakiiita Nchi Yenye Amani, na aliyeiita vinginevyo aliombwa kwa upole afike ofisini kueleza, na akifika huko huelezwa yeye.

Sifa kubwa ya nchi hiyo ilikuwa kwamba kila jambo lilikuwa na maoni yake rasmi, na maoni hayo yakishatangazwa hayakuwa na mwenzake. Kila Ijumaa, baada ya taarifa ya bei za vitunguu, redio ilisoma maoni ya taifa ya juma lile. Watu waliyasikiliza, wakayashika, wakarudi kwenye shughuli zao wakiwa wametuliwa mzigo wa kufikiri. Kazi ya kuyapika ilikuwa ya Idara ya Maoni, iliyokaa kwenye jengo jeupe lenye milango mingi na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilikuwa la kuchorwa.

Ndani ya jengo hilo alifanya kazi Bwana Zuberi Kihongo, Mpatanishi wa Maoni Daraja la Kwanza. Kazi aliipata siku ya usaili, alipoulizwa angependa chai au kahawa, naye akajibu, "Chochote kilichopo, mheshimiwa." Wasaili wakatazamana, wakawaambia waliobaki nje warudi makwao. Tangu siku hiyo alipokea maoni ya mitaa yote ya mji mkuu, yakija yanagombana, akayalainisha mpaka yakawa kitu kimoja. Daraja la mtoni lilipoanguka, mitaa ya juu ilisema limejengwa ovyo, mitaa ya chini ikasema saruji imeliwa. Zuberi alikaa nayo asubuhi nzima, na Ijumaa redio ikatangaza kwamba daraja letu limepumzika. Watu wakakubali, wakakunja suruali, wakavuka mto kwa miguu.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele mtamkasirikia, nami nitakuwa pamoja nanyi. Alikuwa mpole, mume wa mke mmoja, mwepesi wa kuamkia wazee, na katika maisha yake yote hakuwahi kupenda kitu kimoja kuliko kingine. Angalau ndivyo alivyojijua.

*

Katika mji huo aliishi pia Bi Tabita Mlekwa, mpiga taipu mstaafu wa Wizara ya Mihuri. Wenzake walipostaafu walifuga kuku. Yeye aliandika riwaya, akaipa jina *Karani Aliyekufa Jumatatu*. Ilimhusu karani mmoja aliyefia mezani kwake Jumatatu asubuhi, lakini kwa kuwa kazi zake ziliendelea vilevile, ofisi haikugundua, na mwenyewe hakugundua. Akawa anakwenda kazini miaka nenda miaka rudi. Akapandishwa cheo. Akakutana na majini waliohamia kwenye makabati ya mafaili, akahudhuria vikao vya wafu, na jioni akirudi nyumbani akawa anashangaa kwa nini mbwa wa jirani hambwekei tena.

Ilikuwa riwaya ndefu. Mtu akiiweka mapajani miguu ilimfa ganzi kabla hajafika sura ya pili. Kiwanda cha chapa cha serikali kiliichapa kwa bahati tu: mkaguzi aliliona neno "karani" kwenye jalada, akadhani ni mwongozo wa makarani, akagonga muhuri bila kufungua ndani. Nakala ya kwanza ilipokamilika, karatasi ya taifa zima ikawa imekwisha. Mswada wa Bi Tabita nao, kwa mujibu wa utaratibu, ulitumika kuchemshia chai ya wapiga chapa, ili nchi isije ikawa na vitabu viwili vyenye maneno yaleyale, watu wakachanganyikiwa. Kwa hiyo duniani ikabaki nakala moja.

Nchi nyingine ingeifungia kabatini. Nchi ile ilikuwa na desturi njema zaidi ya hiyo. Ng'ombe wa sherehe akichinjwa, kila mtaa hupata mnofu wake. Bendera kuukuu ikishushwa, kila mtaa hupata kitambaa. Basi na kitabu nacho kila mtaa ulistahili fungu. Mkurugenzi Mkuu wa Maoni, Mheshimiwa Daktari Balozi Mhandisi Pankrasi Lugendo, alitangaza Juma la Kusoma, akapanda jukwaani uwanja ukiwa umefurika.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Wakoloni walikuwa wakisoma kitabu kizima mtu mmoja, chumbani, mlango umefungwa, kwa ubinafsi uliokithiri! Sisi tutasoma kwa umoja! Kila mtaa kipande chake, kila kipande maoni yake, na maoni yote yatakuwa mamoja!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Bi Tabita alikuwa safu ya mbele, amevaa kitenge kipya, na yeye pia alipiga makofi, maana alikuwa bado hajakiona kisu.

Kilikuwa kisu cha mkate. Aliyekishika ni Zuberi, kwa kuwa desturi ilitaka mkataji awe mtu asiyependelea. Alikata taratibu, kwa haki, hakutazama sura wala sentensi, na kila kisu kiliposhuka mama wa watu alifumba macho. Wajumbe wa mitaa wakapita mmoja mmoja kupokea mafungu yao. Kipande cha mwisho kabisa, chembamba, kilikuwa cha Mtaa wa Kisima, ule ulio ng'ambo ya mto. Mjumbe wao hakutokea kwa wakati kwa sababu daraja lilikuwa limepumzika. Wingu lilikuwa limetanda, kwa hiyo Zuberi akakitia kipande kile chini ya shati, akaenda nacho nyumbani kukihifadhi kisinyeshewe.

Mpatanishi haruhusiwi kusoma kitu chochote ambacho atakipatanishia maoni. Zuberi aliijua sheria hiyo vizuri, kwani ndiye aliyekuwa akiwasomea wageni kazini. Alifungua kipande kile kuangalia tu kama karatasi zimelowa. Hazikuwa zimelowa. Akaangalia ya pili, na ya tatu, na alipokuja kushtuka alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, maharage yameungua jikoni, na machozi yamemlowesha kidevu. Hakuwa na huzuni. Wala hakuwa na furaha. Alikuwa na vyote viwili kwa mpigo, na hilo lilimtia hofu, kwa sababu katika miaka yake yote kazini hakuwahi kupokea maoni ya namna hiyo, na hakujua yanalainishwaje.

Kesho yake mjumbe wa Kisima akabisha hodi, suruali imelowa hadi magotini, kuulizia fungu la mtaa wake. Zuberi alitaka kumpa. Alitaka kwanza akisome mara moja tu tena. Akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Pole, ndugu yangu. Kitabu kiliisha kabla ya kufika kwenu."

Mjumbe hakulalamika. Watu wa Kisima walikuwa wamezoea vitu kuisha kabla ya kufika kwao. Alishukuru, akarudi mtoni, na Zuberi akasimama mlangoni akimtazama mpaka akakunja kona, shavu likimwaka moto kama aliyezabwa kofi.

*

Juma la Kusoma likapita, maoni yakaanza kuingia idarani.

Mtaa wa Maghala ulipewa mwanzo. Wakaandika kwamba kitabu ni kizuri sana ila wanaambiwa kina mzimu, nao wametafuta wasiuone. Wameona ofisi tu, mtu kakaa mezani hafanyi kitu, na hiyo si hadithi ya kutisha, ndiyo hali halisi. Mtaa wa Sokoni ulipewa sehemu ya majini wa kabatini, na ulileta maoni yake kwa mbio: akina mama hawafungui tena makabati, nguo zinakaa sakafuni, na wanaomba mwandishi akamatwe au apewe nishani, mojawapo, ila upesi. Mtaa wa Mnazi Mmoja ulioangukiwa na sura ya mke wa karani, yule anayesikia viatu vya mumewe barazani kila jioni, walilia kwa pamoja na kuwarudia wake zao waliokuwa wamewaacha. Mtaa wa Wastaafu ulipata kikao cha wafu cha kumchagua mwenyekiti, kikao kinachochukua kurasa nyingi ajabu na kuahirishwa bila mwenyekiti. Wastaafu wakasema hawajapata kusoma kitu chenye kusisimua namna hiyo, wakaomba kumbukumbu za kikao kilichofuata.

Ukabaki Mtaa wa Mabondeni. Hao fungu lao liliishia hivi: *Karani akaukuta mlango wa nyumba yake uko wazi. Akausukuma, akaingia, na pale ndani akamwona*. Basi, hakuna tena. Mabondeni walikuja wenyewe, mtaa mzima, wakasimama nje ya idara wakipiga sufuria.

"Alimwona nani?" walipiga kelele. "Tuambieni alimwona nani!"

Zuberi aliwasikia akiwa mezani. Alijua alimwona nani. Karatasi zilikuwa pale pale, kifuani, chini ya shati, kwa sababu siku hizo alikuwa hawezi tena kuziacha nyumbani. Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kalamu.

Mheshimiwa Lugendo alimwita. Alikuwa amezunguka meza mpaka zulia limeota njia.

"Bwana Kihongo, haya ni nini? Mmoja anasema kinachosha, mwingine anasema kinatisha, mwingine kinarudisha wake! Kitabu kimoja! Haya ni maoni mchanganyiko, na wewe unajua kwamba nchi hii haijapata kuwa na maoni mchanganyiko tangu ipate uhuru. Patanisha!"

"Mheshimiwa," alisema Zuberi, "labda ni kwa kuwa kila mtaa ulisoma..."

"Ulisoma nini?"

Zuberi alilitazama lile dirisha la kuchorwa. Kukatwa kwa kitabu kulikuwa sera, na sera ilikuwa ya mheshimiwa mwenyewe. "Ulisoma kwa bidii," alisema.

"Naam! Wananchi wamesoma kwa bidii, idara imekata kwa haki. Sasa kosa limebaki kwa nani?" Mheshimiwa akakaa, akatabasamu, maana jibu lilikuwa limemjia. "Mwandishi. Ameandika vitabu vingi ndani ya kitabu kimoja, kwa hila, kisha akatoroka kabla ya mwisho."

*

Kesi ilisikilizwa kwenye Ukumbi wa Mapatano, ambao viti vyake vyote vinatazama upande mmoja. Bi Tabita alikuja na kitenge kilekile. Alikuwa ameambiwa kwamba anakwenda kupongezwa, na alikuwa amebeba chupa ya chai na vikombe vya kutosha watu kadhaa.

"Mama," Mheshimiwa Lugendo alimwanza, "unashitakiwa kwa kulichanganya taifa. Pia unashitakiwa kwa kuwaacha wananchi wa Mabondeni mlangoni. Una la kusema?"

"Sijawaacha mlangoni, mwanangu," alijibu Bi Tabita. "Mwisho niliuandika. Ndiyo sehemu niliyoiandika kwanza. Hayo mengine yote niliyaandika ili nifike hapo."

Minong'ono ikapita ukumbini.

"Basi uko wapi huo mwisho?"

"Ulikuwamo kitabuni. Muulizeni aliyekata."

Macho yote yakamgeukia Zuberi. Nikisema yalimchoma sitii chumvi. Karatasi zilikuwa chini ya shati lake, zimekwisha kulainika kwa jasho, na alihisi kila mtu anaziona. Alisimama. Miguu ilitaka kwenda mbele, ikaziweke karatasi zile mezani, na kama ingekwenda yenyewe bila kumwuliza mwenye miguu, kisa hiki kingekwisha hapa na watu wangekunywa chai.

"Bwana Mpatanishi," alisema Mheshimiwa Lugendo kwa sauti ya kubembeleza, "je, baada ya fungu la Mabondeni palikuwa na fungu lingine?"

Bi Tabita alikuwa akimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi ambaye jibu analo.

"Sina maoni," alisema Zuberi.

Ukumbi ukapiga makofi. Halikuwahi kutolewa jibu la kiofisa zuri namna ile, na Mheshimiwa Lugendo akaagiza lichongwe kwenye ubao juu ya mlango wa idara. Bi Tabita akaacha kumtazama, akaanza kukusanya vikombe vyake kimoja kimoja.

Hukumu ilisomwa palepale. Kwa kuwa mshitakiwa ameonyesha mapenzi makubwa kwa mizimu, serikali kwa huruma yake imeamua kumfanya mzimu. Kuanzia saa hiyo hapaswi kuonwa, kuamkiwa, kuitikiwa wala kuuziwa kitu. Atakayemwamkia atahesabiwa kuwa wa nyumba yake, mzimu naye. Ijumaa redio ilitoa maoni ya taifa: kitabu kile hakikuandikwa, na aliyekiandika amepumzika.

*

Mtu akiwa mzimu wa kisheria mambo yake huwa na utaratibu. Bi Tabita alipopita sokoni, watu walisogea wakijisemesha kwamba leo kuna upepo. Akibisha hodi, wenye nyumba walisema mlango umelegea bawaba. Mama Chausiku, muuza vitumbua wa jirani yake, kila asubuhi aliweka vitumbua juu ya ukuta na kuuambia ukuta kwa sauti, "Hivi vimeungua, sijui nani atanisaidia kuvitupa." Havikuwa vimeungua. Vikachukuliwa na upepo.

Zuberi alipandishwa cheo, akawa Mpatanishi Mkuu. Kila asubuhi alipita chini ya ubao wenye maneno yake mwenyewe, na kila asubuhi aliinama zaidi, mpaka wenzake wakadhani anaumwa mgongo. Chakula kilimshinda. Akikaribishwa chai, alikuwa anaviona vile vikombe. Alianza kwenda kazini kwa njia ndefu ili asipite mtaani kwa Bi Tabita, kisha akaanza kupita njia fupi kwa makusudi, na akimwona yule mama barazani, amekaa na ungo wa mchele, alikuwa anageuza uso kama sheria ilivyoagiza. Hakuna aliyeifuata sheria ile vizuri kumshinda yeye. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Mke wake, Mwanahawa, ndiye aliyezikuta karatasi, siku aliyokuwa akifua shati.

"Baba Zawadi, hizi ni nini?"

Zuberi akamvutia kigoda.

Mwanahawa akakaa kwenye kigoda kilekile cha uani, akasoma. Alisoma na povu limemkaukia mikononi. Alipomaliza alifuta pua kwa upande wa kanga, akamtazama mumewe muda mrefu.

"Kumbe upo," alisema. "Mwisho upo, na unao wewe."

"Nilitaka kuusoma mara moja tu zaidi."

"Na mtu ameuliwa akiwa hai, kwa sababu wewe ulitaka mara moja zaidi?"

"Nilipenda, mke wangu. Sijawahi kupenda kitu. Sikujua kinafanywaje."

"Ulipopenda ulikaa kimya, ulipoulizwa ulikaa kimya." Mwanahawa akazikung'uta karatasi, akazikunja, akamwekea mkononi. "Mimi siwezi kula sahani moja na mtu aliyeiba mwisho wa mama wa watu. Nenda."

"Wakinihesabu wa nyumba yake?"

"Hapa napo unaishi kama mzimu, sioni tofauti," alisema Mwanahawa, akaurudia ufuaji wake.

*

Ilikuwa alasiri, watu wamejaa barazani na mtaa umechangamka. Zuberi alipita katikati ya barabara ili asiweze kurudi nyuma. Mama Chausiku alimwona, akaacha kijiko hewani. Kinyozi wa ng'ambo akaacha kichwa cha mteja nusu.

Bi Tabita alikuwa anapepeta mchele. Alikuwa amekonda. Kitenge kilikuwa kimepauka mabegani.

"Shikamoo, mama," alisema Zuberi.

Ungo ukasimama. Tangu siku ya hukumu hakuna aliyelitamka neno hilo mbele ya mama yule, na mtaa mzima ulilisikia. Alikaa kimya mpaka Zuberi akadhani ataadhibiwa kwa njia yake mwenyewe, ya kutoonwa.

"Marahaba," alisema mwisho, kwa sauti ya mtu aliyekwisha sahau kuongea. "Wewe si yule wa kisu?"

"Ndiye mimi." Akatoa karatasi, akazinyoosha kwa mikono miwili. "Mwisho nilikuwa nao mimi. Siku ile ukumbini nilikuwa nao kifuani. Mama, mimi..."

Bi Tabita hakuzipokea. Aliziangalia zilivyolainika pembeni kwa kufunguliwa mara nyingi, na alama za vidole, na doa la machozi mahali ambapo yeye mwenyewe alilia alipokuwa akipiga taipu.

"Umeisoma mara ngapi?"

"Sijui. Nyingi."

"Ilikuwaje?"

Hapo Zuberi aliulizwa maoni yake kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya chai na kahawa. "Ni ndefu mno, mama," alisema. "Sentensi nyingine zinajizungusha mpaka msomaji anatoka jasho. Nami nilipofika mwisho nilisikitika kwamba imekwisha."

Mama Chausiku akashika mdomo. Mtu mmoja, maoni mawili, hadharani, mchana kweupe! Bi Tabita akaweka ungo chini.

"Sikusamehe," alisema. "Usije ukadhani nimekusamehe. Keti hapo, usome. Kwa sauti."

Akaketi kwenye ngazi ya baraza, akasoma. Karani aliusukuma mlango, akaingia, na pale ndani akamwona mkewe ameandaa meza, na sahani ya karani ipo, na wali bado unatoa mvuke. Mke alikuwa amejua tangu Jumatatu ile ya kwanza. Kila jioni, miaka yote hiyo, alikuwa akimpakulia, na kila asubuhi akiumwaga. *Kwa nini hukuniambia kwamba nimekufa?* akauliza karani. *Ulikuwa na kazi nyingi,* akajibu mkewe. *Niliogopa ukijua hutarudi tena nyumbani.*

Alipofika hapo alisikia mburuzo wa viti. Akainua macho. Mama Chausiku alikuwa amekileta kigoda chake mpaka karibu na baraza, akakaa akiwa ameipa nyumba mgongo. Kinyozi naye akafika na benchi, na mteja wake mwenye nusu kichwa, wakakaa wameipa nyumba mgongo. Sheria ilikataza kuona, kuamkia na kuitikia. Haikusema lolote kuhusu masikio. Habari ikakimbia mitaani hadi ng'ambo ya mto, wakaja watu wa Mabondeni na sufuria zao, wakazigeuza, wakazikalia. Kisha, suruali zimelowa magotini, wakaja watu wa Kisima, wengi kuliko Zuberi alivyojua wapo, na wakakaa mbele kabisa, migongo imenyooka. Zuberi alimtambua yule mjumbe kwa kisogo chake. Akaendelea kusoma mpaka mwisho.

Alipofunga ukurasa hapakuwa na makofi. Mgongo mmoja ukasema, ukiiambia barabara, "Mimi ningekuwa yule mke ningemwambia siku ileile ya Jumatatu."

"Umwambie ili iweje?" ukajibu mgongo mwingine. "Aende wapi?"

"Lakini wameturefushia njia, jamani! Kikao kile cha wafu chote, kumbe tunapelekwa kwenye sahani ya wali?"

"Usikitukane kikao," akasema mstaafu mmoja aliyekuwa akipita akaishia kukaa. "Kikao ndicho kitabu."

"Hakuna cha kutisha hata kidogo."

"Mimi nimesisimka mpaka hapa, tazama mkono!"

"Mbona mimi nalia na sijui nalia nini?" alisema mjumbe wa Kisima.

Wakapandishiana sauti. Kinyozi na mteja wake walikosana, wakapatana, wakakosana tena. Kule kona ya barabara lilikuwa limetokea gari jeupe la Idara ya Maoni, na dereva wake alikuwa anaandika jambo. Zuberi aliliona. Alijua kwamba kesho kiti chake kitakuwa na mtu mwingine na kwamba wenzake watasema mlango umelegea bawaba. Hilo halikumuuma alivyotazamia. Kilichomuuma kilikuwa bado kipo palepale, chini ya shati, mahali karatasi zilipokuwa zimekaa, na kuzirudisha hakukukiondoa.

Akamgeukia Bi Tabita. "Mama," alisema, "kwa siku ile ya ukumbini, nakuomba..."

Bi Tabita alikuwa amesogea ukingoni mwa baraza, shingo mbele, ungo umemwagika miguuni na kuku wanakula mchele. Macho yalikuwa yanamng'aa. Akainua kidole kimoja, akamnyamazisha.

"Ngoja kwanza," alinong'ona. "Wananisema."